Mgeni njoo, mwenyeji apone: lakini bei iandikwe ukutani

SEHEMU YA 1: Usiku uzi ulipokwisha

Mama zangu, na nyie baba mnaosoma kwa kuchungulia simu ya mke, nimekuoneni.

Nilikuahidini somo la homa ya mtoto baada ya chanjo. Litakuja, wallahi. Leo nna jambo limenikaa kooni siku nyingi na nataka nilitoe lote, sehemu sita. Soma ukinyonyesha, soma chai ikichemka. Jambo lenyewe ni bei ya matibabu ya watalii.

Najua utasema, "Nesi, mie na watalii wapi na wapi? Mie nataka kikohozi cha mwanangu kipone." Subiri. Ukifika mwisho utaona linakuhusu wewe kuliko linavyomhusu huyo mtalii.

Mie ni muuguzi wa serikali hapa Unguja. Miaka ya karibuni nimefanya kazi upande wa pwani, kule hoteli zilikofuatana ukuta kwa ukuta. Hospitali siitaji, kwa sababu haya hayatokei pale peke yake.

Saa nane usiku. Tuko wauguzi wawili na daktari mmoja. Leba kuna binti wa miaka 20, mimba ya kwanza, njia imefunguka sentimita 8. Mara mlango unagongwa. Kijana wa kizungu, kakodi vespa, mchanga wa barabarani umemuangusha. Goti limechanika vibaya, kiganja chote kimechubuka, na mwenzake analia kuliko yeye.

Tukamhudumia, ndo kazi yetu. Kasafishwa, kapigwa ganzi, kashonwa nyuzi 11, sindano ya pepopunda, dripu moja, dawa ya maumivu. Zilitumika glavu za mwisho kwenye boksi na pakiti za mwisho za uzi.

Tulipomaliza akauliza swali la kiungwana kabisa: anadaiwa kiasi gani? Tukatazamana. Mmoja akasema elfu ishirini. Mwengine akasema laki tatu. Mlinzi wa getini, ambaye hata hakuulizwa, akasema dola mia mbili, "huyo anazo, tizama saa yake." Hapakuwa na bango, hapakuwa na karatasi, hapakuwa na mtu wa kupigiwa simu saa ile.

Mwisho kijana akatoa noti ya dola hamsini, akaomba risiti inayoonesha kila alichofanyiwa ili aipeleke kwa bima yake kwao. Keshia yuko kwake kalala na kitabu cha risiti kimefungiwa. Tukamwandikia kwenye karatasi ya daftari, tukagonga muhuri. Mpaka leo nikikumbuka karatasi ile naona haya.

Haikupita saa, yule binti akajifungua. Mtoto wa kike, kilo 3.1, kalia vizuri alhamdulillahi. Mama akachanika kidogo. Nikafungua kabati nitoe uzi. Hamna.

Mumewe akapanda vespa akaanza kugonga maduka ya dawa usiku wa manane. La kwanza limefungwa. La pili limefungwa. Alirudi baada ya karibu saa nzima, na uzi na glavu alizonunua kwa pesa yake. Muda wote ule mie nimebana kitambaa kwa mkono, naomba Mungu damu isizidi. Haikuzidi. Lakini sikupaswa kuomba Mungu kwa ajili ya uzi.

Sasa jumlisha mwenyewe. Mgeni kashonwa kwa uzi wa serikali. Mwenyeji kashonwa kwa uzi wa kununua.

Na ile dola hamsini? Asubuhi nilimkabidhi keshia mkononi. Ikaenda ilikokwenda. Stoo yetu haikuongezeka hata pamba.


SEHEMU YA 2: Wanaosema "mkamueni" na wanaosema "muacheni"

Nikilisimulia hili kwa watu, hugawika pande mbili, na pande zote mbili zinanitia hasira.

Upande wa kwanza: "Mzungu ana pesa, mkamueni." Ametumia dola elfu na kitu kwa tiketi ya ndege, analala chumba cha dola mia, kwa nini asilipe dola mia tano kwa mshono? Mama zangu, hebu tulieni. Mtu aliyelala kitandani anavuja damu hana nafasi ya kupatana bei. Sokoni Darajani unaweza kugeuza mgongo ukenda kwa mchuuzi mwengine. Leba au chumba cha dharura hugeuzi mgongo. Kumpandishia bei mtu katika hali ile ni dhulma, awe kazaliwa Hamburg au Makunduchi. Na dhulma haina rangi.

Tena si kila mtalii ni tajiri. Nimemuona msichana aliyejikusanyia pesa miaka miwili akiosha vyombo mkahawani, kaja kuona bahari mara moja katika maisha yake. Nimemuona mstaafu anayehesabu dawa zake za presha zifike siku ya kurudi.

Upande wa pili: "Jamani, sie Wazanzibari ni watu wa ukarimu. Mgonjwa hatozwi. Muacheni ende zake." Hawa wana moyo mzuri na hesabu mbovu. Ukarimu ni kumpa mgeni chako. Uzi ule haukuwa wangu. Ulikuwa wa yule binti wa leba. Kutoa mali ya mama mzazi kumpa mtu mwenye bima mfukoni, halafu ukajiita mkarimu, ukarimu gani huo?

Wahenga wetu wamesema mgeni njoo, mwenyeji apone. Watu wanaisema harusini bila kuisikiliza. Mgeni anakaribishwa, naam. Na kuja kwake kumletee mwenyeji nafuu. Usiku ule mgeni alipona. Mwenyeji alisubiri.


SEHEMU YA 3: "Bure" inalipwa na nani

Wengine mmeniandikia, "Lakini si matibabu Zanzibar ni bure?"

Ni kweli baada ya Mapinduzi ya 1964 serikali ilitangaza matibabu bure kwa wananchi. Bibi zetu waliokuwa wakizalia sakafuni wakaingia hospitali bila kuulizwa senti. Jambo kubwa, na mie sitaki mtu aliguse. Lakini glavu haioti kwenye mti. Kila kitu cha "bure" kuna mtu kakilipa: kodi ya mwenye duka, ushuru bandarini, fedha za wafadhili, na sasa wafanyakazi wanakatwa mshahara kuchangia Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar. Na wewe mama, unalipa kila unapotumwa kununua sindano nje ya geti.

Sasa tizama idadi. Sensa ya 2022 ilituhesabu watu 1,889,773 Zanzibar nzima, Unguja na Pemba. Mwaka 2024 pekee waliingia wageni zaidi ya laki saba. Kila mgeni anakaa siku chache tu, kwa hiyo hawako wote kwa siku moja. Lakini wanapanda vespa, wanakanyaga mashokomba baharini, wanaharisha, wanapandwa na presha, na baadhi yao ni wajawazito. Hospitali ya kijijini iliyopangiwa dawa kwa idadi ya wanakijiji inaletewa wagonjwa ambao hawamo kwenye daftari la shehia yoyote.

Nimtetee mtalii hapa, maana haki ni haki. Asidhaniwe halipi kitu. Analipa viza, analipa kodi ndani ya bei ya hoteli, analipa kwenye mkahawa. Na tangu tarehe 1 Oktoba 2024, kila mgeni kutoka nje anayekuja Zanzibar anatakiwa awe na bima ya safari ya Shirika la Bima la Zanzibar. Mtu mzima dola 44, na inamchukua siku 92. Wakaazi wa Tanzania hawamo katika sharti hilo.

Isome tena polepole hiyo. Chukua wageni laki moja tu, watu wazima. Laki moja mara 44 ni dola milioni 4.4. Pesa ya matibabu ya mgeni imeshalipwa kabla hajatia mguu kwenye mchanga wetu.

Lakini bima hailipi kwa maneno ya mdomo. Inataka bili: huduma gani, bei gani, tarehe, jina, muhuri, sahihi. Hospitali isiyo na orodha ya bei haiwezi kuandika bili. Na hospitali isiyoandika bili imetoa sadaka kwa kampuni ya bima. Sadaka hiyo kaitoa yule binti wa miaka 20, bila kuulizwa.


SEHEMU YA 4: Bei ya haki ni ipi

Nimechoka kusikia "bei ya haki" ikitajwa mikutanoni bila mtu kuonesha hesabu. Mie si mhasibu, lakini nnajua kinachotumika, kwa sababu kinapita mikononi mwangu. Tufanye pamoja kama tunavyofanya hesabu ya kitchen party.

Mshono wa goti. Andika kila kitu: glavu, uzi, ganzi, bomba la sindano, dawa ya kusafishia, bandeji, chanjo ya pepopunda. Ongeza muda wa daktari na muuguzi. Ongeza umeme, maji, kufua mashuka, kuchemsha vifaa, kuchoma taka. Ongeza kidogo kwa ajili ya jengo na mashine zinazochakaa. Hiyo ndo gharama kamili. Tuseme, kwa mfano tu na si bei ya mahali popote, imefika shilingi elfu sitini. Mwananchi hatozwi hiyo kwa sababu kodi yake imeshaingia miaka yote, hata miaka ambayo hakuugua. Mgeni hakuwemo katika mchango huo, basi alipe gharama kamili, na juu yake nyongeza inayojulikana. Robo, nusu, wakubwa wakae waamue, lakini iwe moja kwa wote na iandikwe.

Haya si maajabu. England, mgeni asiye mkaazi na asiye na makubaliano maalumu anapotibiwa hospitali za serikali, hutozwa asilimia 150 ya bei ya kawaida. Yaani gharama na nusu yake. Wao wenyewe wanamtoza hivyo mjomba wako akienda kumtembelea mwanawe Leicester akaugua. Thailand, nchi inayoishi kwa watalii kama sisi, mwaka 2019 ilizipangia hospitali za serikali bei kwa makundi manne: raia, watu wa nchi jirani, wageni wanaofanya kazi kule, na watalii pamoja na wastaafu wa kigeni. Unaweza kubishana nao juu ya makundi. Lakini karatasi ipo, na nesi wa zamu ya usiku hakisii.

Kuna watakaosema watalii watakimbia, wataenda Mombasa, wataenda Maldives. Kwa bei iliyoandikwa? Mtalii analipa bei zilizoandikwa tangu anaamka: chai, teksi, mashua, kamba wa kuchoma. Kinachomkimbiza ni kushtukizwa. Akirudi kwao akasimulia kuwa walimtazama saa yake kabla ya kumwambia bei, hapo ndo tumeharibikiwa. Akisimulia kuwa alianguka usiku, akashonwa vizuri, akapewa bili safi na bima ikalipa, huyo katufanyia tangazo bure.

Na hapa niseme jambo moja kwa herufi kubwa: BEI KUBWA HAINUNUI FOLENI. Mgeni analipa zaidi kwa sababu hakuchangia, halipi ili apite mbele. Mtoto wa Jambiani mwenye degedege anatangulia mbele ya mtalii mwenye mafua, hata mtalii huyo awe na dola elfu mkononi. Na mtalii mwenye kifua kinachobana anatangulia mbele yako wewe uliyekuja na mtoto wa kupima uzito. Foleni inapangwa na ugonjwa peke yake.


SEHEMU YA 5: Mgeni ni nani hasa?

Hapa ndo pagumu, na hapa ndo familia nyingi zitaguswa.

Nimemuona mama wa kizungu aliyeolewa hapa, miaka kumi na tano anaishi kijijini, watoto wake wanasoma skuli ya serikali, anavaa kanga vizuri kuliko mie. Kafika na mtoto ana homa, akaambiwa alete dola. Siku hiyo hiyo kaja dada kutoka Muscat, buibui lake safi, Kiswahili chake kitamu cha Mji Mkongwe, mtoto ana pasipoti ya Oman na wako likizo wiki tatu. Hakuulizwa kitu. Nimemuona kijana mwenye asili ya Kihindi, kazaliwa hapa, baba yake kazaliwa hapa, babu yake kazaliwa hapa, na bado akaulizwa, "Umefika lini?" Kashuka macho. Na mie nilishuka macho.

Tukipanga bei kwa ngozi au kwa lafudhi, tunawatoza ndugu zetu na kuwaacha wageni. Kipimo ni makazi. Unaishi wapi? Una kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi au cha Taifa, au kibali cha kuishi na kufanya kazi? Wewe ni mwenyeji kwenye dirisha la malipo, rangi yako iwe ya maziwa au ya mkaa. Umeingia kwa matembezi? Wewe ni mgeni, hata kama bibi yako kazikwa Mwanakwerekwe.

Najua hili linauma. Wengi wetu tuna shangazi Oman, kaka Canada, wifi London. Wakija likizo watoto wanaugua, na tunajua ujanja: "Sema ni mtoto wangu, lete kadi ya kliniki ya Mwanaharusi." Mama, usifanye. Kwanza ni hatari, tutampa mtoto dawa kwa uzito na historia ya mtoto mwengine. Pili, shangazi anaweza kulipa. Ile dawa uliyomchukulia kwa jina la Mwanaharusi, Mwanaharusi ataikosa mwezi ujao. Mwambie wifi alipe, tena alipe kwa fahari, aseme nimechangia hospitali ya kwetu.

Na jirani zetu wa Afrika Mashariki? Maoni yangu: wawe na bei yao ya kati, karibu na gharama tupu bila nyongeza. Mvuvi wa Shimoni aliyesukumwa na upepo mpaka Pemba hafanani na mtu wa yoti.

Halafu kuna kitu ambacho bei isikiguse kabisa. Dharura na uzazi: tibu kwanza, bili baadaye. Hata England, pamoja na asilimia 150 yao, uzazi haucheleweshwi wala haunyimwi kwa sababu mama hana pesa. Bili itakuja, lakini mtoto atazaliwa kwanza. Na hakuna kumfungia mtu wodini kwa deni. Wenzetu Kenya wameshaumwa na hilo: mwaka 2015 Mahakama Kuu iliamua kuwa kuwazuia akina mama katika hospitali ya uzazi ya Pumwani, Nairobi, kwa sababu hawajalipa bili, ni kuvunja haki zao. Hao walikuwa wenyeji, si wageni. Ndo maana nasema sheria tunayomtungia mgeni tuitunge kama tutakavyotaka itufikie sisi. Iko siku utakuwa mgeni mahali.


SEHEMU YA 6: Kwa nini nakwambia wewe, mama

Nimeahidi kuonesha linakuhusu vipi. Haya.

La kwanza. Mkono uliozoea kukisia bei kwa mzungu haujui kusimama. Leo unatazama saa ya mtalii. Kesho unatazama mkoba wako. Kesho kutwa unatazama gari iliyokuleta, kumbe ni ya jirani kakuazima kwa imani. Ukiona "soda ya nesi" imeota mahali, jua ilianza kwa mtu mmoja kutozwa bei isiyoandikwa na wote wakanyamaza. Nasema haya mie nesi, na najua wenzangu wengine watanuna. Nuneni. Wengi wetu tunafanya kazi kwa jasho la halali, na ni sisi tunaochafuliwa kwanza bei ikiwa ya siri.

La pili, na hili ni pingamizi zito kuliko yote, nisilikwepe. Kuna dada kaniuliza: "Nesi, mkianza kutoza wageni pesa nzuri, hamtawapenda wao zaidi? Si mtaniacha mie kwenye benchi?" Swali la haki. Hatari ipo. Pesa ina macho ya mvuto, na hospitali inaweza kuanza kupaka rangi chumba cha wageni huku leba inavuja. Dawa yake naijua moja tu: pesa ile isipite mfukoni kwa mhudumu yeyote, wala isipotelee kwenye fungu lisiloonekana. Ibaki kwenye kituo kile kile, itangulie kununua vifaa vya mama na mtoto, na kila mwezi ibandikwe ukutani: wageni wangapi wametibiwa, shilingi ngapi zimeingia, zimenunua nini. Ukipita unasoma: glavu boksi kadhaa, uzi pakiti kadhaa, dawa ya kuzuia damu ya uzazi. Hapo mtalii akianguka na vespa, utamuombea dua apone, na stoo yako itakuwa imejaa.

Bila hilo la pili, nasema wazi, mie siungi mkono kutoza wageni hata senti. Kutoza bila kuonesha ni kubadilisha mwizi tu.

Kwa hiyo nataka matano, na nayataka yaandikwe:

1. Orodha moja ya bei kwa wageni katika hospitali zote za serikali, kwa Kiswahili, Kiingereza na lugha za wageni wanaokuja kwa wingi, ukutani, mbele ya dirisha la malipo.

2. Bei itokane na gharama kamili na nyongeza moja inayojulikana. Makazi ndo kipimo, si ngozi.

3. Dharura na uzazi kwanza, pesa baadaye. Foleni haiuzwi.

4. Bili na risiti saa 24, na mtu wa zamu anayejua kuidai bima. Siyo keshia wa saa mbili asubuhi mpaka saa tisa na nusu mchana.

5. Pesa ibaki kituoni, ianze na leba, na hesabu yake ibandikwe kila mwezi.

Na wewe, kuna unachoweza kufanya wiki hii bila kusubiri mkutano. Ukenda kliniki, uliza kwa adabu: bango la bei liko wapi? Uliza mbele za watu. Swali moja halitikisi kitu, maswali hamsini kwa mwezi yanamfikia mkubwa. Mumeo akifanya kazi hotelini au akikodisha vespa, mwambie awakumbushe wageni watembee na karatasi ya bima na pasipoti, na wavae helmeti, jamani, wavae helmeti. Ukiwa na jamaa kwenye kamati ya afya ya shehia, mpelekee haya matano. Na ukitozwa chochote, dai risiti. Ukinyimwa risiti, usitoe pesa, uliza jina na cheo.

Yule mtoto wa kilo 3.1 nilimuona juzi kliniki, ana miezi minane, meno mawili, ananing'ang'ania fulana. Mama yake kacheka, kaniambia, "Nesi, ule uzi baba yake bado anausimulia." Nikacheka na mie. Halafu nikenda stoo nikafungua kabati.

Uzi ulikuwepo. Pakiti tatu. Na nje, kwenye ukumbi wa kusubiria, kulikuwa na wageni wawili wenye miguu iliyochubuka, na ukutani hapakuwa na bango.

Mtumie mama mwenzio. Somo la homa na chanjo ni Ijumaa, inshallah.